MAISHA YA PERCIVAL LOWELL, MUTU ALIYETAFUTA WENYEJI WA MARS



Mwezi uliopita kulikuwa mabishano makubwa katika nyumba ya kulala ya wavulana. Wengine walisema kwamba kule juu katika nyota kuna watu kama sisi. Wengine walikataa kabisa, wakasema kama wangekuwako Biblia ingetuambia. Kiisha wote wakanigeukia mimi kapita niamue. Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta katika vitabu, na pale nikakuta habari ya mutu mumoja mwenye kutumia feza yake, macho yake na miaka zaidi ya 20 juu ya swali hilo hilo. Alichotafuta hakukipata. Lakini maisha yake yana mafundisho, na mimi mwenyewe yalinichoma, kwa sababu nitakayoeleza mwishoni.

1. Kuzaliwa na ujana wake

Percival Lowell alizaliwa tarehe 13 Machi 1855 katika muji wa Boston, Marekani. Jamaa yake walikuwa watajiri wa viwanda vya nguo za pamba. Hata kuna muji wa viwanda karibu na Boston unaoitwa Lowell kwa jina la jamaa hiyo. Ndugu yake mudogo, Abbott Lawrence, alikuja kuwa mukubwa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Dada yao Amy akawa mutunga mashairi mwenye sifa kubwa. Ndiyo kusema ilikuwa nyumba ambamo kila mutoto alingojewa kufanya jambo kubwa.

Percival alisoma Harvard, akamaliza mwaka 1876 na sifa katika hesabu. Kiisha akaingia katika kazi ya jamaa, akasimamia kiwanda cha pamba karibu miaka 6. Angeweza kukaa pale mpaka uzee na kufa tajiri. Lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1883 akaenda Japani, na katika mwaka ule ule, akiwa na miaka 28, akawa mwandishi wa wajumbe ambao Korea iliwatuma Marekani. Kwa miaka 10 hivi alikuwa akienda na kurudi kati ya Asia na kwao, na aliandika vitabu 4 juu ya watu na desturi za kule.

Katika safari hizo zote hakuacha kupenda nyota. Tangu ujana alikuwa na darubini ndogo, chombo kile ambacho kwa Kifaransa tunakiita télescope. Hakuwa na diploma ya elimu ya nyota, wala hakuna mutu aliyemulipa kwa kazi hiyo. Alikuwa mupenzi tu wa nyota, kama vile wengine wanapenda mupira ao kupiga gitari.

2. Mistari juu ya Mars

Mars, ambayo vitabu vingine vya Kiswahili vinaiita Mirihi, si nyota ya kweli. Ni sayari, ndiyo kusema dunia nyingine inayozunguka jua kama dunia yetu. Upana wake ni kama nusu ya upana wa dunia. Siku yake inapita siku yetu kwa dakika 40 hivi. Katika ncha zake mbili kuna barafu nyeupe ambayo inaongezeka wakati wa baridi na kupunguka wakati wa joto. Basi watu wa zamani wakaona kwamba Mars ni kama ndugu mudogo wa dunia.

Katika mwaka 1877 Mars ilikuja karibu nasi sana. Katika muji wa Milano, Italia, mutaalamu Giovanni Schiaparelli aliitazama usiku kwa usiku, akachora ramani yake. Juu ya ramani hiyo aliweka mistari mirefu, akaiita kwa Kiitaliano canali. Neno hilo linaweza kuwa njia ya maji iliyojifanya yenyewe, kama muto ao bonde. Linaweza pia kuwa mufereji uliochimbwa na watu. Schiaparelli hakutaka kuamua. Lakini wale waliogeuza neno hilo katika Kiingereza walichagua lile la mifereji ya kuchimbwa. Na kama kuna mufereji, ni lazima kuwe na muchimbaji. Ndivyo neno moja lilivyozaa watu wa Mars.

Kule Ufaransa kulikuwa Camille Flammarion, mwandishi wa mambo ya nyota aliyesomwa sana. Mwaka 1892 alitoa kitabu kikubwa juu ya Mars, akakusanya ndani yake yote ambayo watu walikuwa wameona. Lowell alisoma kitabu hicho, akakata shauri. Alijua kwamba mwaka 1894 Mars ingekuja karibu tena. Hakutaka kupitwa na nafasi hiyo.

3. Mulima wa Flagstaff

Ili kutazama Mars vizuri, darubini peke yake haitoshi. Inafaa hewa iwe kavu na tulivu, na pahali pawe juu, mbali na moshi wa miji. Lowell akamutuma kijana mumoja, Andrew Ellicott Douglass, apime hewa katika pahali pengi pa Arizona. Walichagua kilima karibu na muji mudogo wa Flagstaff, juu ya mita 2,100 na zaidi. Katika mwaka ule ule wa 1894 nyumba ya kutazamia nyota ikajengwa kwa haraka, na Lowell akaanza kazi akiwa na miaka 39. Kilima hicho watu wanakiita Mars Hill hata leo. Mwanzoni walitumia darubini za kuazima. Mwaka 1896 ikafika darubini yake mwenyewe, yenye kioo cha upana wa santimeta 61. Bei yake ilikuwa dola 20,000, na wakati ule hiyo ilikuwa feza nyingi sana.

Musifikiri kazi hiyo ilikuwa muchezo wa tajiri. Mutu anakaa gizani katika baridi saa nyingi, jicho moja juu ya kioo. Mars anayoiona ni kiduara kidogo cha rangi ya chungwa, nacho kinatetemeka, kwa sababu hewa ya dunia inatikisika kama vile tunavyoiona muchana juu ya mabati yenye moto. Mara moja hewa inatulia, kwa muda wa kupepesa jicho tu. Katika muda huo Lowell aliona mistari myembamba, imenyooka kama kwa rula. Kiisha hewa inatikisika tena, mistari inapotea. Basi anachukua kalamu na kuchora kile ambacho akili yake inakumbuka.

Alichora hivyo miaka na miaka, akahesabu mamia ya mistari. Juu yake akajenga fundisho. Alisema Mars ni sayari iliyozeeka, na maji yake yamekauka. Wenyeji wake, wenye akili nyingi kutupita sisi, wamechimba mifereji ili kuleta maji ya barafu kutoka katika ncha mpaka katikati ya sayari, wasife kwa kiu. Pahali peusi panapobadilika rangi ni mashamba na majani yanayoota maji yakifika. Na kama mifereji inazunguka sayari nzima, basi wenyeji wake wameacha vita na wanafanya kazi pamoja.

Fundisho hilo lilikuwa tamu sana. Lowell aliandika vitabu 3 juu ya Mars, mwaka 1895, 1906 na 1908, naye alijua kusema mbele ya watu. Magazeti yaliandika, vyumba vya mikutano vikajaa. Kule Uingereza H. G. Wells akatunga hadisi ya watu wa Mars wanaoshuka kupiga vita duniani, nayo ikatoka kama kitabu mwaka 1898. Watu wengi duniani walisadiki kwamba majirani zetu wamepatikana.

4. Wale waliokuwa na mashaka

Mashaka ya kwanza yalitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Douglass, yule kijana aliyechagua kilima, alifanya duara kama Mars, akaliweka mbali, akalitazama kwa darubini. Kumbe akaona mistari mingine ambayo haikuwako juu ya duara! Akaanza kuogopa kwamba jicho linadanganya. Mwaka 1901 aliandika barua kwa jamaa wa Lowell, akaeleza kwamba namna hii ya kufanya kazi si ya sayansi: Lowell anaanza na jibu, kiisha anatafuta mambo ya kulisaidia. Lowell alipojua, alimufukuza kazi. Douglass hakupotea. Baadaye alikuwa mwanzilishi wa elimu ya kujua miaka ya zamani kwa kuhesabu pete zilizo ndani ya miti.

Jambo la pili linatuhusu sisi wanafunzi. Mwaka 1903, katika Greenwich karibu na London, mutaalamu wa nyota Edward Walter Maunder na mukubwa wa shule moja ya wavulana walifanya jaribio. Waliweka mbele ya darasa picha ya Mars yenye madoa na alama ndogo ndogo, bila mifereji. Wavulana waliambiwa wachore tu kile wanachokiona. Waliokaa karibu walichora madoa. Waliokaa mbali sana waliona alama chache tu. Lakini wengi wa wale waliokaa katikati walichora mistari iliyonyooka! Hakuna mutu aliyewadanganya. Jicho lenyewe, likiona vitu vidogo vidogo kwa shida, linaviunga pamoja na kufanya mustari. Lowell alisikia habari ya jaribio hilo, lakini hakulikubali.

Mwaka 1905 musaidizi wake Carl Lampland alipiga picha za Mars, na Lowell akafurahi kwamba sasa ushuhuda umepatikana. Lakini picha zilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole. Mwenye kutaka kuona mistari aliiona, asiyetaka hakuiona.

Mwaka 1907 mzee Alfred Russel Wallace, yule aliyegundua pamoja na Darwin namna viumbe vinavyobadilika, aliandika kitabu kizima kumujibu Lowell. Alikuwa na miaka 84. Kwa hesabu alionyesha kwamba Mars ni baridi kupita kiasi, na kwamba maji katika mifereji iliyo wazi yangepotea hewani kabla ya kufika mbali.

Mwisho ni habari ya Eugène Antoniadi. Huyu alifanya kazi Meudon, karibu na Paris, pahali penye darubini ya kioo cha santimeta 83. Zamani naye aliwahi kuchora mifereji. Lakini mwezi wa Septemba 1909 hewa ilitulia usiku mumoja kama bado haijatulia, akaona Mars wazi. Mistari haikuwako. Pahali pake aliona madoa mengi yasiyo na mupango, kama yale ambayo uso wa nchi yoyote unayo. Aliandika barua kwa Lowell na kumupelekea picha alizochora. Lowell akajibu kwamba darubini kubwa inasumbuliwa zaidi na hewa, kwa hiyo darubini yake ndogo inaona vizuri kupita. Hapo ndipo mimi niliposhusha kitabu nikafikiri sana.

5. Miaka ya mwisho

Maisha yake hayakuwa raha tu. Kutoka 1897 mpaka 1901 aliugua ugonjwa wa uchovu wa akili, akashindwa kufanya kazi karibu miaka 4. Alioa akiwa mutu mzima, mwaka 1908. Katika miaka yake ya mwisho alitafuta jambo lingine pia: sayari isiyojulikana, ambayo yeye alihesabu kwamba iko mbali kupita Neptune. Aliiita Sayari X. Wasaidizi wake walipiga picha nyingi za mbingu, lakini hakuiona.

Percival Lowell alikufa Flagstaff tarehe 12 Novemba 1916, akiwa na miaka 61. Mushipa wa damu ulipasuka ndani ya kichwa. Walimuzika juu ya kilima chake, karibu na darubini yake. Mpaka siku ile alisadiki kwamba mifereji iko.

6. Yaliyobaki nyuma yake

Je, Lowell aliishi bure? Ngojeni kidogo.

Mwaka 1901 alikuwa amemuajiri kijana anayeitwa Vesto Slipher, akamupa chombo cha kupasua nuru ya nyota. Kuanzia mwaka 1912, katika nyumba ile ya Flagstaff, Slipher alipima mwendo wa mawingu ya nuru yaliyo mbali sana, akaona kwamba mengi yanatukimbia kwa mwendo wa ajabu. Leo tunajua kwamba kila wingu la namna hiyo ni kundi la nyota zisizohesabika, na kazi yake ilisaidia wengine kugundua kwamba ulimwengu wote unatanuka.

Mwaka 1929 akafika Flagstaff Clyde Tombaugh, mutoto wa mukulima kutoka Kansas. Wazazi wake hawakuwa na feza ya kumupeleka chuo kikuu. Alijitengenezea darubini kwa mikono yake, akachora Mars na Jupiter, akapeleka michoro, na kwa hiyo akapewa kazi. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha mbili mbili za mbingu na kutafuta nukta moja iliyosogea kati ya maelfu na maelfu. Tarehe 18 Februari 1930 aliiona. Habari ilitangazwa tarehe 13 Machi, siku ya kuzaliwa kwake Lowell. Jina Pluto lilitolewa na mutoto wa kike wa miaka 11 katika Oxford, Uingereza. Herufi zake mbili za kwanza, P na L, ndizo za Percival Lowell. Ni kweli kwamba Pluto haikupatikana kwa hesabu zake, maana ni ndogo mno kupita ile Sayari X, na mwaka 2006 wataalamu waliihesabu kuwa sayari kibete. Lakini kama Lowell asingejenga nyumba ile na kuiachia mali yake, Tombaugh angeitafuta wapi?

Na mifereji je? Mwezi wa Julai 1965 chombo cha Marekani kinachoitwa Mariner 4 kilipita karibu na Mars, kikaleta picha 22. Palikuwa na mashimo kama ya mwezini, na jangwa. Mwaka 1971 chombo Mariner 9 kilizunguka Mars na kuipiga picha karibu yote. Hakuna mufereji hata mumoja wa ramani ya Lowell uliopatikana. Lakini, ajabu, yalionekana mabonde makavu ambamo zamani sana maji yalipita. Tangu hapo vyombo vingi vimetua kule. Kimoja, Perseverance, kilitua tarehe 18 Februari 2021 pahali ambapo zamani palikuwa ziwa, kitafute alama za uhai mudogo mudogo wa zamani. Mpaka leo hakuna uhai uliothibitishwa, si katika Mars wala katika sayari nyingine. Swali la nyumba yetu ya kulala linabaki wazi.

7. Mafundisho kwetu

Lowell hakuwa mwongo. Hilo ninataka mulisikie vizuri. Alichora kile alichofikiri ameona. Kosa lake lilikuwa kupenda jibu kabla ya kutazama, na kiisha kumufukuza yule aliyemuonya. Amri ya tisa inatukataza kumushuhudia jirani uongo. Mimi nilifikiri siku zote kwamba uongo ni kusema jambo ambalo unajua si kweli. Sasa ninaona kuna ushuhuda mwingine mubaya: kusema nimeona, na kumbe nilitarajia tu.

Katika labo tulipotazama ngozi ya kitunguu kwa mikroskopi, wangapi kati yetu walichora kiini cha seli ambacho hawakukiona, kwa sababu kimechorwa katika kitabu? Mimi nilikichora. Nilipata alama nzuri.

Lakini kuna jambo zito kupita kitunguu. Katika muhula uliopita, usiku mumoja baada ya kuzima taa, kulikuwa kelele katika kona ya nyumba yetu. Kulikuwa giza. Niliandika jina la ndugu mumoja wa mwaka wa tatu kwa sababu yeye anajulikana kwa kelele, nikaapa kwamba nilimuona. Alikata majani siku mbili za posho. Mwenzake mumoja alikuja kuniambia kwamba si yeye, na mimi nikamufukuza mulangoni. Kiisha yule aliyefanya kelele alijitaja mwenyewe. Ukweli ni kwamba sikuona uso wa mutu. Niliona kivuli, na akili yangu ikachora mustari.

Ndugu huyo anajijua. Nimekwisha kumuomba musamaha yeye peke yake, na leo ninamuomba mbele ya masomo yote, kwa sababu azabu yake ilikuwa mbele ya wote. Kwa mukubwa wa nyumba nimeomba jina lake lifutwe katika kaye ya azabu, na limefutwa.

Basi wale walioniuliza kama kuna watu katika nyota, jibu langu ndilo hili: sijui. Tuendelee kutazama, maana Mungu ametupa macho na akili. Lakini tuandike tu kile tulichokiona, na mwenzetu akisema bado, tumusikilize mbele ya kumufukuza.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita